Jua Bila Utaalamu Si Kiwanda

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mkulima wa artemisia katika Afrika Mashariki huchuma juani, lakini wengi wanaokula kivulini wako mbali naye. Mmea huo, wa jamii ya pakanga, ndio asili ya artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria. Utafiti ulioivumbua dawa hiyo ulimpatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya malaria duniani hutokea barani Afrika. Hata hivyo, majani makavu huuzwa kama malighafi, na sehemu kubwa ya dawa huagizwa kutoka ng'ambo.

Jambo hilo linastahili kutazamwa upya, kwa kuwa mwanga unaweza kuwa nyenzo ya kutengenezea dawa hiyo. Ndani ya artemisia mna asidi ambayo ilikuwa ikitupwa pamoja na makapi baada ya dawa kukamuliwa. Mwaka 2012, wataalamu wa Taasisi ya Max Planck mjini Potsdam, Ujerumani, walionyesha kwamba asidi hiyo, ikiisha kuandaliwa, inaweza kupitishwa katika mrija mwembamba pamoja na oksijeni huku ikimulikwa, ikageuka kuwa artemisinini. Mwaka 2018 walikwenda mbele zaidi, wakatumia umbijani wa mmea wenyewe kuunasa mwanga huo.

Katika kazi hizo mwanga ulitoka katika taa. Kiwanda cha Garessio, Italia, kilichoanza kutengeneza artemisinini kwa njia ya mwanga mwaka 2013, nacho kilitumia taa. Taa hula umeme, na zaidi ya nusu ya umeme wa dunia bado hutokana na makaa ya mawe na gesi. Kwa hiyo wataalamu wa Eindhoven, Uholanzi, walitengeneza mwaka 2016 chombo kidogo chenye umbo la jani. Rangi iliyomo ndani yake hukusanya miali ya jua na kuielekeza katika vijifereji ambamo kemikali hupita.

Ni ajabu kwamba jani hilo la bandia lilichipuka Uholanzi, nchi ya mawingu. Mwaka 1912, mkemia Giacomo Ciamician wa Bologna aliuhutubia mkutano wa wanakemia mjini New York, akatabiri kwamba viwanda visivyo na moshi vitasimama katika nchi kame zenye jua kali. Zaidi ya miaka 100 imepita. Nchi za jua zingali zikisubiri, na utafiti unasonga mbele kwingineko. Sababu yake ni bayana: jua ni la wote, lakini utaalamu ni wa aliyeutafuta.

Isidhaniwe kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Jua huchwa, mawingu hutanda, na dawa haitaki kipimo cha kubahatisha. Mwanga ni wa bure, lakini chombo cha kuunasa si cha bure. Hata hivyo, kiwanda cha namna hiyo kinaweza kuanza kwa mirija michache, kisha kikapanuliwa kadiri uwezo unavyoongezeka. Hilo ni jambo la maana kwa nchi yenye mtaji mdogo.

Hapa ndipo wajibu wa walimu na watumishi wa umma unapoonekana. Somo la usanisinuru lisiishie katika biolojia, likakaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa. Mwanafunzi aelezwe kwamba jani ni kiwanda cha kemikali, na kwamba binadamu ameanza kuiga kazi yake. Ofisa wa kilimo anayehimiza zao la artemisia hana budi kukaa meza moja na ofisa wa viwanda na mfamasia, ili mpango wa shamba usitenganishwe na mpango wa maabara. Vyuo vikuu navyo vipewe fedha za kufanya majaribio juani, si kusoma tu habari za majaribio ya wengine.

Taifa linalouza jani na kununua tembe hulipa mara mbili: kwa jasho la mkulima na kwa fedha za kigeni. Jua litaendelea kuchomoza kila asubuhi. Kilichobaki ni kuwaandaa watu watakaolifanyisha kazi.