Taa ya ABS Isifichwe

Mvua za masika zinapoanza katika mkoa wetu wa Mbeya, na hasa katika barabara itokayo Uyole ikapanda hadi Isyonje na kuteremka kuelekea Kiwira na Tukuyu, kila dereva mwenye akili hujua kuwa uhai wa abiria wake umo katika mguu wake wa kulia. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi kabisa hapa nchini, na lami ya huko hukaa mbichi kwa miezi mingi. Kwa ajili hiyo tumeonelea leo tuzungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni ile taa ya manjano iliyo mbele ya dereva, yenye herufi tatu: ABS.

Imekwisha kuwa desturi katika baadhi ya gereji zetu kwamba gari hupelekwa kubadilishwa beringi, au springi, au stelingi, nalo hurudi likiwa na spea mpya na taa hiyo ikiwaka. Mwenye gari akiuliza, huambiwa, “Hiyo si kitu, mzee, breki zinakamata.” Akishikilia, kinachoshughulikiwa ni taa yenyewe: balbu hutolewa, ama hubandikwa utepe mweusi, ama waya wake hufungwa pamoja na wa taa nyingine ili ziwake na kuzimika kwa wakati mmoja. Sisi twasema waziwazi kuwa huu ni udanganyifu, na fundi aufanyaye hana tofauti na mganga avunjaye kipimajoto kwa sababu kimeonyesha homa.

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yana ukweli ndani yake. Breki zinakamata kweli. Mfumo wa ABS, uliotolewa na Bosch na kuwekwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, haukuja kuchukua nafasi ya breki za kawaida, bali kuzuia magurudumu yasigande dereva anapokanyaga kwa nguvu, kwani gurudumu lililoganda huteleza tu wala haliutii usukani. Kila gurudumu lina kihisi chake, au sensa kama mafundi wanavyoiita, ambacho hupima mwendo wake. Taa ikiwaka, mfumo umejitoa kazini. Siku ya jua kati ya Mwanjelwa na Mafiati dereva hataona tofauti yoyote. Ataiona siku ng'ombe atakapokatiza mbele yake katika kona yenye maji.

Tunayasema haya tukiwa tumeonja wenyewe. Gari la ofisi yetu lilibadilishwa beringi ya gurudumu la mbele, na taa ikawaka siku ileile. Tuliambiwa kihisi kimekufa, tukanunua kingine, taa ikabaki pale pale. Kijana mmoja wa gereji ya pili ndiye aliyegundua kwamba beringi ilikuwa imeshindiliwa kinyumenyume. Katika magari mengi ya siku hizi, upande mmoja wa beringi una pete yenye sumaku, ambayo ndiyo inayosomwa na kihisi. Upande wa pili hauna kitu. Kwa macho pande zote mbili karibu zifanane, lakini chembe za chuma zikisogezwa hunasa upande mmoja tu. Beringi ikishatolewa kwa presi mara nyingi haifai tena, basi ikatubidi tununue ya pili, na kile kihisi cha kwanza kumbe kilikuwa kizima.

Usukani una habari yake, nayo ni kubwa zaidi. Magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza, ambao Mercedes-Benz na Bosch waliuanzisha mwaka 1995, na ambao tangu mwaka 2014 ni lazima kwa kila gari jipya katika nchi za Umoja wa Ulaya, yana kihisi kinachopima usukani umekatwa kiasi gani, na kingine kinachopima gari lenyewe linageuka kiasi gani. Kompyuta hulinganisha viwili hivyo. Fundi akibadilisha stelingi, au akifanya wili alaimenti, mahali pa “moja kwa moja” panaweza kuhama. Asipokirudisha kihisi kwenye sifuri, kompyuta huamini kuwa dereva anakata kona ilhali amenyoosha. Mara nyingi mfumo hugundua kuwa habari hazipatani ukajizima, nasi tukaonyeshwa taa. Tena wapo wanaoona usukani umekaa upande, badala ya kurekebisha tairodi wakauchomoa na kuurudisha jino moja pembeni. Machoni umenyooka, maradhi yamebaki chini.

Kazi ya kurudisha kipimo si lazima iwe ya gharama kubwa. Yako magari yanayojifunza yenyewe yakiendeshwa yamenyooka, na mengine hutaka usukani ukatwe hadi mwisho kushoto na kulia. Katika baadhi ya Toyota huunganishwa kwa waya matundu mawili ya soketi iliyo chini ya dashibodi, yaitwayo TS na CG, kwa utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha gari hilo, na atakayekosea tundu aweza kuunguza alichokuja kukitengeneza. Mengine hayakubali ila mashine ya kompyuta. Lakini katika kazi hii gari yapasa litulie mahali tambarare, bila mtu kuliegemea, kwani kihisi hukipokea kila kinachokipata kuwa ndiyo sifuri. Nasi wakazi wa Mbeya twajua jinsi gereji zetu zilivyokaa kwenye miteremko.

Hata hivyo hatuwezi kuwatwika mafundi mzigo wote. Mwenye gari atatoa fedha za spea bila kunung'unika kwa kuwa ameishika mkononi, lakini akiambiwa kuna malipo ya kupima kwa kompyuta, huona anaibiwa, naye huenda kwa yule atakayeizima taa kwa bei ya soda. Magari ya abiria nayo hufanyiwa hivyo hivyo.

Tunapendekeza vyuo vya VETA vifungue masomo mafupi ya jioni kwa mafundi walio kazini, na kila gereji iandike katika stakabadhi kama kipimo kimerudishwa au la. Wakati wa ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, taa hii itazamwe pamoja na matairi. Na mwenye gari, kabla hajalipa, aufungue ufunguo bila kuwasha injini: taa ya ABS lazima iwake, kisha izime baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa, na aulize ni nani aliyeigusa.