Si Uchawi, ni Himoglobini

Ndugu msomaji, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Je, asiyeambiwa jina la maradhi yake naye tumweke wapi?

Binamu yangu aliumwa na viungo tangu utotoni. Mara mikono imevimba, mara macho yamekuwa ya manjano, na usiku kucha ni kilio. Kijijini kwetu, huku Pwani, watu walikwisha kukata kauli: amerogwa! Mama mmoja jirani ndiye aliyenyoshewa kidole, hata akaacha kuja kuteka maji kwetu. Hatimaye mtoto alipelekwa hospitali, akatolewa damu, na nyanya akarudi na karatasi yenye herufi mbili: SS. Maelezo mengine yote yalikuwa kwa Kiingereza. Nyanya aliikunja akaifunga kwenye pindo la leso. Ati basi, yamekwisha!

Mimi nasema hapo ndipo tunapokosea. Kipimo kile chaitwa elektroforesisi, wala hakuna haja ya kukifanya fumbo. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni katika damu. Iko ya kawaida, A, na iko ya selimundu, S. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walizipitishia umeme, wakaona haziendi sawasawa. Mwaka wa 1956 Vernon Ingram, huko Uingereza, alionyesha sababu: ni tofauti ndogo mno katika muundo wao. Tofauti hiyo huipunguzia S chaji yake hasi.

Nilimweleza nyanya hivi: "Chukulia watoto wawili wanakimbia ndani ya shamba la mahindi. Mbele kuna mahamri. Mmoja ana njaa sana, mwingine kidogo. Nani atatangulia?"

Akacheka. "Si yule mwenye njaa!"

Basi, shamba ni jeli, mahamri ni ncha chanya ya umeme, na njaa ni chaji. A hutangulia, S hubaki nyuma. Aliyerithi zote mbili, yaani AS, huonyesha mistari miwili. Siku hizi ziko maabara zinazotumia mrija mwembamba kama unywele badala ya jeli, na watafiti wengine huujaza mrija huo chembe ndogo ndogo mfano wa mchanga ili protini zizidi kuachana. Wazo ni lile lile: kila protini ina mwendo wake.

Faida yake? Wazazi wakiwa wote ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Wenyewe aghalabu huwa wazima, tena Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha mwaka wa 1954 kwamba hali hiyo ya AS huwakinga na malaria. Ndiyo maana S imedumu huku Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Ni urithi, jamani, si urogi!

Wako watakaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Upuuzi mtupu! Nyanya hakuwahi kusikia neno chaji, lakini alielewa. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza polepole, "Kumbe yule mama tulimsingizia bure, mjukuu wangu?" Kesho yake alfajiri alijitanda leso akaenda kwake. Sijui waliambiana nini, ila jioni yule mama alikuja na ndoo yake. Binamu yangu naye sasa huenda kliniki kila mwezi.

Wanachama wenzangu, hospitali ikitoa karatasi, na itoe pia maelezo kwa lugha anayoijua mgonjwa. Nasi tunaosoma sayansi tusingoje. Tuanze nyumbani kwetu, likizo hii hii. Herufi mbili zikifafanuliwa huokoa mtoto, na jirani pia.

Yangu ni hayo.