Sindano ya kukomaza mapafu ina wakati wake



Naomba niseme machache juu ya sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni. Huku kwetu Kasulu na Kibondo wapo wanaoikataa wakisema inaharibu akili ya mtoto, na wapo wanaoidai kila tumbo likiuma. Pande zote mbili zinakosea.

Dawa hiyo ni steroidi, mara nyingi deksamethasoni. Mwaka 1972 madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba dawa ya jamii hiyo, akichomwa mama anayeelekea kuzaa njiti, humsaidia mtoto kupumua. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa hospitali za nchi 5, Kenya ikiwamo. Kati ya njiti ambao mama zao walichomwa walifariki asilimia 19.6, kati ya wasiochomwa, asilimia 23.5. Hayo ni maisha ya watu.

Lakini dawa hii haichagui mapafu peke yake. Kondo hupunguza nguvu ya homoni ya mama ya namna hii isimfikie mtoto kwa wingi, ila deksamethasoni hupita na kufika hadi kwenye ubongo unaokua. Utafiti wa nchi 20 uliotolewa mwaka 2008 uliona kwamba mama waliorudiwa kuchomwa kila siku 14 walizaa watoto wenye uzito mdogo na vichwa vidogo zaidi. Mwaka 2020 wataalamu wa Ufini walichunguza kumbukumbu za watoto zaidi ya 670,000. Matatizo ya akili na tabia yalionekana zaidi kwa waliopata dawa hii tumboni, hata waliozaliwa miezi ikiwa imetimia. Hilo halithibitishi kwamba sindano ndiyo chanzo, lakini linatosha kututaka tuwe waangalifu.

Ndiyo maana Shirika hilo linashauri itolewe mimba ikiwa na wiki 24 hadi 34, mama akitazamiwa kuzaa ndani ya siku 7, hana maambukizi, na umri wa mimba unajulikana kwa hakika. Katika utafiti wa nchi 6, zikiwamo Kenya na Zambia, uliotolewa mwaka 2015, sindano ilienezwa hadi vijijini bila hakika hiyo. Wengi waliochomwa hawakuzaa njiti, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka.

Hapo ndipo sisi wa vijijini tunapokwama. Mama huanza kliniki shughuli za shamba zikipungua, mimba ikiwa ya miezi 5 au 6, naye hakumbuki tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Mganga hubaki kukisia. Akikosea, mtoto wa wiki 30 hunyimwa dawa ya kumwokoa, na wa wiki 38 hupewa asiyoihitaji.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, akina mama waandike tarehe zao na waende kliniki kabla ya wiki 12. Nasi waume tusiwacheleweshe kwa ajili ya jembe. Pili, wahusika wavipatie vituo vya afya vya vijijini vipimo vya ultrasaundi na watumishi wanaojua kuvitumia. Tatu, mjamzito asimeze vidonge vya steroidi kwa ushauri wa jirani au muuza duka. Lakini aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya pumu au ugonjwa mwingine asiache mwenyewe bila kumwuliza.

Sisi walimu humpokea mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Ubongo anaokuja nao darasani ulianza kujengwa zamani, tumboni mwa mama yake. Tusiucheze kwa kukisia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kasulu, Kigoma.