Gari likichemsha, themostati isihukumiwe bila kupimwa

Land Rover ya zamani ikichemsha mlimani, katika gereji nyingi tiba huwa ileile: fundi anang'oa themostati, anajaza maji, gari linarudi barabarani. Tiba hiyo haiponyi. Inauficha ugonjwa halisi na mara nyingine inauongeza. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na ndugu zake wa baadaye, pamoja na Land Cruiser za zamani, mpaka leo wanabeba watalii, mazao na wagonjwa kwenye njia ambazo magari madogo hayafiki. Gari la namna hiyo likiua injini porini, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, vali huziba njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Joto likifika kiwango kilichopigwa chapa juu yake, kwa mfano nyuzi 82, nta huyeyuka, hutanuka na kuisukuma vali ifunguke. Kuna kazi ya pili ambayo wengi huisahau. Katika injini nyingi, vali hiyohiyo inapofunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupozwa. Ndiyo maana gari lisilo na themostati huweza kutulia kwenye tambarare likiwa tupu, kisha likachemsha likipanda mlima wa Kitonga na mzigo.

Basi chanzo kitafutwe wapi? Tuanze na vitu vya bei ndogo. Kifuniko cha rejeta kinachoshikilia shinikizo la pauni 9 kwa inchi ya mraba huyafanya maji yachemke kwenye nyuzi 114 hivi usawa wa bahari, badala ya 100. Nairobi, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kifuniko hicho huyafikisha karibu 110. Kwa hiyo mpira wake ukikatika, kinga hiyo yote inapotea. Mkanda wa feni ukilegea, pampu na feni huzunguka pole. Mpira wa chini wa rejeta ukilainika, pampu huunyonya ukabonyea na kukata maji injini inapokuwa kwenye mwendo wa kasi. Udongo na mbegu za nyasi huziba mapezi ya rejeta kwa nje, na maji ya kisima yenye chumvichumvi hujenga ukoko kwa ndani. Kwenye injini hizi za chuma cha kalibu, kutu na tope hutuama chini ya bloku, mahali ambapo kumwaga maji ya rejeta peke yake hakufiki. Ni lazima ifunguliwe pia koki ya ubavuni mwa injini. Na mapovu yakizidi kupanda ndani ya rejeta injini ikiwa inanguruma, hapo ishukiwe gasketi ya silinda hedi.

Wapo watakaosema nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya Ulaya. Lakini hata Dar es Salaam hewa haifikii nusu ya joto ambalo injini inalihitaji ili ifanye kazi vizuri. Injini inayokimbia ikiwa baridi hula mafuta zaidi, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni na ringi huisha mapema. Wengine watasema magari kadhaa yaling'olewa themostati na yakaacha kuchemsha. Ni kweli, nayo hutokea pale themostati ilipokuwa imekwama ikiwa imefungwa. Ushahidi huo unatuambia themostati mbovu ibadilishwe, hautuambii injini ikae bila themostati. Hoja nzito zaidi ni ya vipuri bandia vilivyojaa madukani. Jibu lake ni sufuria ya maji jikoni: ining'inize themostati kwa uzi ndani ya maji, weka kipimajoto pembeni bila kugusa chini, kisha washa moto. Isiyoanza kufunguka karibu na namba iliyoandikwa juu yake irudishwe dukani kabla haijagusa injini.

Kung'oa ni haraka na hakumgharimu mteja kitu siku ile, ndiyo maana kunapendwa. Gharama huja baadaye, hedi ikipinda: kuifungua, kuisawazisha kwa mashine, gasketi mpya, na siku ambazo gari halifanyi kazi. Ukilinganisha, bei ya themostati ni ndogo sana. Vyuo vya ufundi vimfundishe kila kijana kupima kwanza, kung'oa baadaye. Nawe mwenye gari, fundi akikuambia ameondoa themostati, mwulize alipima nini kabla ya kuiondoa. Akikosa jibu, ugonjwa bado umo ndani ya injini yako. Mwambie airudishe, aanze upya na kifuniko cha rejeta.