Tuangalie jani kabla ya kupuliza dawa



Majuma matatu yaliyopita mama mmoja wa kikundi chetu aliniletea jani la maharagi lenye mistari myeupe iliyopindapinda. Fedha za dawa ya kupuliza alikuwa nazo tayari, zimefungwa pembeni ya kitenge. Nilimwomba angoje kidogo.

Mistari hiyo inachorwa na funza wa inzi mdogo, mweusi na manjano, mwenye urefu wa karibu milimita 2. Inzi anaweka yai ndani ya jani, na funza anakula akiwa amejificha katikati, hivyo dawa nyingi hazimfikii. Anayemfikia ni nyigu mdogo kama inzi huyo, asiyeuma mtu. Nyigu anatembea juu ya jani akimtafuta funza. Tukipuliza, tunamuua mlinzi wetu na mwizi anabaki ndani.

Wenye kujifunza wadudu wanawagawa nyigu hao katika makundi. Sisi tujue mawili.

La kwanza ni la akina Diglyphus. Mwili wao unang'aa kijani kama chuma, na pembe za kichwani ni fupi. Nyigu anamchoma funza, funza analegea, naye anaweka yai kando yake. Mtoto wa nyigu anamla kutoka nje.

La pili ni la akina Opius. Hao ni weusi au kahawia, wenye pembe ndefu. Yai wanaliweka ndani ya mwili wa funza. Funza anaendelea kula, anatoka kwenye jani na kugeuka punje ndogo ya kahawia. Lakini katika punje ile hatoki inzi, anatoka nyigu.

Tutawatambuaje? Inua jani kwenye jua. Funza wa manjano anayesogea ni mzima. Akiwa wa kahawia na amelegea, huenda kundi la kwanza limefika. Kundi la pili halionekani hivyo. Chukua majani kama 20 yenye funza, yatie katika chupa ya mdomo mpana yenye karatasi kavu chini, ufunge mdomo kwa kitambaa chepesi. Weka kivulini majuma mawili au matatu, kisha uhesabu: inzi ana mabawa 2, nyigu ana 4.

Nyigu wakiwa wengi, acha dawa. Inzi wakizidi, chuma majani yaliyoharibika sana uyazike. Maharagi yenye majani mengi yanavumilia mistari michache.

Tukumbuke pia kwamba majani ya maharagi ni mboga yetu. Dawa ya leo shambani, kesho iko sufuriani mwa watoto.

Jumatatu tulifungua chupa ya mama yule. Nyigu waliwapita inzi. Fedha zake zimenunua madaftari ya watoto.

Tuonane juma lijalo.