SAFU YA AFYA: Kidonge Kimoja, Dawa Mbili



Mwezi huu tumeona ni vyema tuzungumzie vidonge vya presha vilivyochanganywa dawa mbili, na pengine tatu, ndani ya kidonge kimoja. Wazee wetu wengi wanaotujia hapa Uingereza kutoka Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au Maskati huwa na vidonge vya namna hiyo mikobani mwao, ilhali madaktari wa hapa aghalabu huandika kila dawa peke yake. Hapo ndipo penye hatari. Mama huandikiwa vidonge vipya, naye huvimeza pamoja na kile alichokuja nacho, asijue kuwa dawa ni ileile katika sanduku jingine. Presha huteremka kupita kiasi, akashikwa na kizunguzungu anapoinuka kwenye msala, au akaanguka bafuni.

Kwanza tukumbushane maana. Presha husomwa kwa namba mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga, na ya chini ni nguvu hiyo moyo unapotulia. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vya hospitali, kwa siku zaidi ya moja, hufikia 140 kwa 90 au kupindukia, huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawahisi maumivu yoyote, na huku moyo, figo na ubongo vinadhurika polepole. Kiharusi hakibishi hodi.

Kwa nini basi dawa mbili? Ni kwa sababu mwili una njia nyingi za kupandisha presha, na ukiuzibia njia moja hutafuta nyingine. Dawa ya kuongeza mkojo huziamuru figo zitoe chumvi na maji. Mwili ukiona maji yamepungua, hutoa kemikali za kubana mishipa ili presha irudi juu. Ikiwepo dawa ya pili ya kuzuia kemikali hizo, ya kwanza hufanya kazi yake sawasawa. Vivyo hivyo amlodipini, ambayo hulegeza mishipa, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Ikifuatana na dawa ya kundi jingine, uvimbe huo mara nyingi hupungua. Uchambuzi wa majaribio 42, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya kundi jingine hushusha presha takriban mara tano zaidi kuliko kuzidisha maradufu dozi ya dawa ileile.

Tena kidonge kimoja hakisahauliki upesi kama vitatu. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge hivi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwaka 2021 likapendekeza vitumiwe pale tiba inapohitaji dawa zaidi ya moja. Mwaka huohuo wa 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 728 weusi katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Ilidhihirika kuwa michanganyiko yenye amlodipini ndani yake iliwafaa zaidi kuliko ule usiokuwa nayo.

Sasa tujifunze kusoma sanduku. Tusitazame jina kubwa la biashara. Tutafute majina madogo yaliyo chini yake, kisha tuangalie miisho yake. Jina linaloishia kwa “-dipine” ni la kundi la kulegeza mishipa. Yanayoishia kwa “-pril” na “-sartan” ni makundi mawili yanayozuia kemikali za kubana mishipa, na hayo mawili kwa kawaida hayachanganywi pamoja, kwani huweza kudhuru figo. Linaloishia kwa “-thiazide” ni la kuongeza mkojo. Mkiona mwisho mmoja katika masanduku mawili ya mtu mmoja, mpigieni simu mfamasia au daktari kabla ya dozi inayofuata.

Yapo na mengine ya kuchunga. Dawa za “-pril” huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Mara chache huvimbisha midomo, ulimi au koo, na jambo hili huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza huwapendelea hao dawa za “-sartan”. Uvimbe wa namna hiyo ni wa kupiga 999 papo hapo. Mjamzito asipewe “-pril” wala “-sartan”, kwani humdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mkwe asimgawie mkaza mwana vidonge vyake kwa huruma. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha, na zikikutana na dawa ya mkojo pamoja na “-pril” au “-sartan” huweza kuziumiza figo.

Kwa wafungao Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku ni tahafifu kubwa, lakini kikiwa na dawa ya mkojo ndani yake huweza kumkausha mtu maji mchana. Mwendeeni daktari mapema, tangu Shaabani, awapangie saa ya kumeza. Msiache dawa wenyewe, wala msikikate kidonge nusu bila kuuliza.

Tunashauri jambo moja jepesi. Mgeni wenu akifika, kusanyeni masanduku yake yote, hata ya dawa za mitishamba, myatie katika mfuko mmoja na kumpelekea mfamasia. Muulizeni: kila kidonge kina dawa gani ndani yake? Kipi kinachukua nafasi ya kipi? Kipi kiachwe? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi, nayo ibandikwe jikoni mahali ambapo bibi mwenyewe ataiona. Naye akirejea nyumbani, aichukue karatasi hiyo amwonyeshe daktari wake wa huko, asije akaanza upya kumeza viwili kwa kimoja.

Tukutane mwezi ujao, in shaa Allah. Wabillahi tawfiq.