Mficha Uchi Hazai

Wazee walituachia neno fupi lenye hekima kubwa: mficha uchi hazai. Neno hilo twalikumbuka juma hili, tukitazama taabu moja inayozifikia nyumba nyingi za mji wetu wa Likasi, tangu Kikula mpaka Panda. Mume na mke wamefunga ndoa, mwaka umepita, wa pili umepita, na mtoto hajaonekana. Mashangazi wanaanza kunong'ona. Mke apelekwa hospitali, kisha kwa mganga wa dawa za miti, kisha kwa mganga mwingine, na fedha za nyumba zakwisha njiani. Mwisho ukoo wamwambia mume: mrudishe kwao, utwae mwingine. Na katika safari hizo zote, mume mwenyewe hakupimwa hata siku moja.

Jambo hili si haki, wala si la akili. Madaktari wajua ya kuwa katika ndoa zinazokosa watoto, karibu nusu huwa na sababu upande wa mume, pengine yake peke yake, pengine pamoja na ya mke. Na katika sababu za upande wa mume zinazoweza kutibiwa, mojawapo iliyo ya kawaida kabisa ni ugonjwa uitwao varikoseli. Yafaa baba na vijana wetu waujue.

Korodani hupata damu kutoka moyoni, na damu hiyo hurudi juu kwa mishipa myembamba. Ndani ya mishipa hiyo mna milango midogo, inayoizuia damu isiteremke tena. Milango ikilegea, damu hurudi chini na kutuama, na mishipa yavimba, yajipindapinda juu ya korodani. Akiipapasa, mtu hudhani ameshika mfuko wa minyoo. Mara nyingi huwa upande wa kushoto, kwa kuwa mshipa wa upande huo hupanda mbali zaidi, mpaka kuingia katika mshipa wa figo. Mungu aliziweka korodani nje ya tumbo, ili zikae mahali penye ubaridi kidogo kuliko mwili. Damu iliyotuama huleta joto, na mbegu za uzazi huweza kupungua na kudhoofika.

Katika wanaume 100, kama 15 wanao ugonjwa huu, na wengi wao huzaa bila shida. Lakini kati ya wanaume wanaopimwa kwa sababu hawajapata mtoto kabisa, hupatikana kama 35 katika 100. Huanza wakati wa kubalehe. Wengine hawasikii kitu. Wengine husikia uzito na maumivu baada ya kusimama kutwa au kubeba magunia ya mawe ya shaba, na wakilala huona nafuu. Si ugonjwa wa zinaa, si uchawi, wala si adhabu ya dhambi. Tena si busha, ambalo ni maji, wala si ngiri, ambayo ni utumbo ulioshuka. Daktari ndiye ajuaye kuzitenga, kwa mikono yake na kwa ekografia.

Dawa yake ni nini? Kwa miaka mingi imekuwa kisu: daktari hufungua ngozi na kuufunga mshipa mbovu. Njia hiyo ni nzuri, na hata leo hutumika mahali pengi. Lakini iko nyingine iliyo ndogo zaidi, iitwayo skleroterapia. Daktari Tauber wa Hamburg, katika Ujerumani, aliieleza namna moja yake katika mwaka 1994. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, asilazwe usingizi. Daktari hukata kidogo juu ya mfuko wa korodani, hutafuta mshipa mmoja, na kuingiza mrija mwembamba. Kwanza hutia dawa inayoonekana katika eksirei, apate kuhakikisha njia. Kisha humwambia mgonjwa abane pumzi na kujikaza tumbo, naye hutia dawa inayounguza kuta za mshipa kwa ndani. Kuta hizo hushikamana, mshipa huziba, na damu hujitafutia mishipa mingine iliyo mizima. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Hata hivyo tusiwadanganye wasomaji wetu. Pengine mishipa huvimba tena, na yapasa kurudia. Pengine hutokea uvimbe na maumivu ya siku chache, na kwa nadra korodani hudhurika. Mbegu mpya huhitaji kama miezi 3 kukomaa. Basi asiyeona matunda mwezi wa kwanza asikate tamaa. Wala si kila mtu apataye mtoto baada ya matibabu.

Ninyi wanafunzi, mkiona uvimbe, mwambieni baba au mjomba, na ninyi wazazi msiwacheke. Si kila kijana ahitaji kutibiwa. Mara nyingi daktari humwangalia tu mwaka kwa mwaka, na hutibu ikiwa korodani moja yabaki ndogo au maumivu hayaishi. Lakini maumivu makali ya ghafula ni jambo lingine: huenda korodani imejisokota, na kijana apelekwe hospitali saa ile ile, maana saa 6 zikipita yaweza kufa. Na mtu mzima aonaye uvimbe wa ghafula, au wa kuume peke yake, au usiopungua akilala, apimwe tumbo na figo pia.

Mkristo anayeombwa mbegu zake zipimwe aseme kwanza na daktari na padri, kwa kuwa iko njia ya kuzipata katika tendo halali la ndoa, isiyopingana na mafundisho ya Kanisa.

Na ikiwa mtoto hapatikani hata baada ya hayo yote? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema wazi katika kanuni ya 1084 ya kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke uliyemwahidi mbele ya altare si shamba la kukodi, lirudishwe lisipozaa. Basi, baba, kabla hujawaruhusu ndugu zako kumhukumu mkeo, mshike mkono mwende hospitali pamoja, na wewe uingie kwanza.